Darasa la Watoto Ishirini na Wanne

Mama mdogo Hadjira hulipwa mchele. Wazazi wa darasa lake la kwanza hapa kisiwani kwetu, mjini Dzamandzar, ndio humlipa, serikali haimjui. Tangu kiwanda cha sukari kifungwe watu wanahama tu, na mwaka huu mwalimu mkuu alimwambia wazi: watoto wasipotimia ishirini na watano kufikia Ijumaa, darasa lake litaunganishwa na la pili, naye akae nyumbani.

Alikuwa na ishirini na watatu. Wawili aliowategemea ni wa Mdahoma, aliyekuwa fundi kiwandani. Mdahoma aliahidi: "Jumatatu utawaona, mwalimu." Jumatatu ikapita, Jumanne nayo. Jumatano nikamsindikiza kwao. Zaïnaba, mkewe Mdahoma, alitucheka.

"Ulimwuliza Mdahoma? Shoga, wewe Mkomoro gani? Watoto ni wa kwetu, ukoo wa mama. Mwenye neno ni kaka yangu Anli, na Anli anawataka kwake ng'ambo, mjini Mahajanga, wasome shule ya Tsaramandroso."

Mama mdogo akajishika kichwa. Hata mimi, kuanza shule, neno lilikuwa la mjomba. Alisahau vipi? Nadhani ni hofu.

Zaïnaba akampigia kaka yake simu, akampa mama mdogo. Nikasogeza sikio.

"Mwaka jana hapo kwenu walifaulu wangapi mtihani wa mwisho?"

Niliomba moyoni aseme kumi.

"Wanne, kaka Anli. Kati ya kumi na tisa."

"Wanne! Halafu nikuachie wapwa zangu?"

"Mimi nafundisha la kwanza. Wangu wote wanasoma. Njoo uwasikie."

"Nitafikiri."

Ijumaa asubuhi Zaïnaba alimleta mdogo peke yake. Mkubwa alikwisha kupanda boti bandarini Andoany, kwenda kwa mjomba wake.

"Ishirini na wanne," mwalimu mkuu akasema. "Pole, Hadjira."

Jumatatu watoto hamsini na mmoja walisongamana chumba kimoja, wadogo wanalia, wakubwa wanawazomea. Haikufika saa tatu, Bi Roukia, mwalimu wa la pili, akawaacha hivyo hivyo akaja mbio hadi mlangoni kwetu.

"Hadjira, njoo bwana! Wataniua!"

Mama mdogo alikuwa ameshavaa viatu tangu alfajiri.

"Watakulipa?" mama yangu akamwuliza.

"Sijauliza," akasema, akatoka.