Siku Niliyojiita Simba Kwa Wakwe Zangu Bwera

Mkasa huu nimeuficha miaka mingi, lakini mke wangu huutoa kila tukipata wageni, kwa hiyo afadhali niusimulie mwenyewe, angalau usitiwe chumvi. Aibu yenyewe inatosha.

Ilikuwa mwaka uliofuata ule wa watu kutua mwezini. Nilikuwa kijana wa kupakia saruji kwenye malori pale Hima, na nilikuwa nimempenda Kavira, binti wa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, akahamia Bwera huku kwetu pamoja na mama yake mzee na jamaa wengi. Siku ya kwenda kujitambulisha ilipokaribia, rafiki yangu Baluku (huyu Baluku, hadi leo nikimkumbuka natamani kumgombeza upya) akaja na kipande cha gazeti alichofungiwa sukari dukani, chenye habari za nyota: ukizaliwa mwezi fulani nyota yako ni hii, tabia yako ni hii, na mambo makubwa yaliyotokea duniani katika mwezi wako ni haya. Akasema Wakongo ni watu wa mjini, wanapenda mtu anayejieleza, nisiende kule kusema mimi ni mtoto wa fulani kama watu wa zamani.

Tatizo ni kwamba mwezi wangu sikuujua. Mama aliwahi kusema mvua ilikuwa inanyesha, basi. Kwa hiyo nikajichagulia kama mtu anayechagua shati sokoni: mwezi wa saba, mwishoni, kwa sababu gazeti lilisema ndio mwezi ambao watu walikanyaga mwezini, na nyota yake ni Simba. (Mashuke ilikuwepo, Samaki ilikuwepo, nyota za watu wapole zimejaa ukurasa mzima, mimi nikachukua Simba.)

Siku ilipofika tukapanda lori na mbuzi wetu, mimi, Baluku na mjomba wangu aliyekuwa msemaji. Uwanja wa Papa Kasereka ulijaa majirani na watu wa kanisani kwao, karibu wote wametoka ng'ambo ya mpaka. Kwetu kijana anayeposa hasemi kitu siku hiyo, anakaa anaangalia viatu vyake. Mjomba alipokuwa anajiandaa kusimama, mimi nikamtangulia, nikatoka mpaka katikati, nikasema kwa sauti niliyoifanyia mazoezi:

"Mimi ni Simba. Simba wa mwezi wa saba."

Mama mmoja aliyekuwa anapitisha sahani akaiweka chini polepole, na mimi (ujinga ule sijui alinipa nani) nikadhani wamependezwa, nikaendelea na maneno ya gazeti vilevile yalivyo, kwamba Simba akiingia nyumba yoyote lazima ajulikane, kwamba Simba akitaka kitu haondoki bila hicho kitu. Akina mama wakaanza kuwavuta watoto ndani. Bibi yake Kavira, aliyekuwa mkekani kando ya ukuta, akaushika ili ainuke akashindwa.

Sasa sikilizeni. Kila mtu wa mpakani alijua kwamba wale watu walikimbia waasi waliojiita Simba. Hata mimi nilijua, niliwaona kwa macho yangu wakivuka na magodoro kichwani. Ila siku ile, katika kichwa hiki nilichonacho, Simba ilikuwa nyota tu.

Mtu akatoka mbio kwenda kuwaita askari wa mpakani. Wakaja wawili na bunduki, mkubwa wao akauliza Simba ni nani hapa, na mkono wangu ukanyooka wenyewe kabla sijafikiri. Kaa chini. Toa mkanda. Toa viatu. Nikatakiwa kueleza nilipigana wapi, nikasema sijapigana popote, afande, mimi ni wa mwezi wa saba, ule wa kwenda mwezini. Akaona namchezea. Akamgeukia Baluku, akamuuliza na yeye ni nani.

"Mimi ni Mizani, afande," Baluku akajibu.

Akaketishwa pembeni yangu.

Papa Kasereka akasogea, akaniangalia pale chini. Hakupaza sauti. "Mwezi ya saba weye unaijua? Mwaka ya uhuru yetu, mwezi ya saba, basoda ba jeshi baliasi, batu bakakimbia. Njo mwezi ya saba yetu."

Nikayapekua maneno ya gazeti kichwani, hiyo haikuwemo.

Aliyeniokoa ni mjomba. Alimweleza afande taratibu kwamba huyu kijana alizaliwa mwezi wa kumi na moja, katika mvua, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda Muhokya kwa miguu kumwita mkunga, na habari za vita aachane nazo, maana hata mbuzi akichinjwa huyu anatoka nje. Mmoja akacheka, wakafuata wengine, mwisho afande naye akacheka, nikarudishiwa mkanda wangu mbele ya watu wote. Ndipo Baluku, bado kakaa chini, akaninong'oneza kwamba mwezi wa kumi na moja ni Nge. Nikamwambia anyamaze.

Tulirudi Hima na mbuzi wetu. Hakuna aliyetaka kuwapokea.

Baadaye nilikwenda peke yangu kumwomba bibi radhi. Nilimkuta anachambua maharagwe. Aliniacha nimalize maneno yangu yote, akaendelea kuchambua, halafu akasema, "Miye nilikimbia na mutoto mugongoni. Mwengine akabaki kule. Weye ukiya hapa, sema tu jina yako."

Nikamwambia naitwa Muhindo, kwetu Ibanda, na jina la baba yangu nikalitaja. Akanipa mkono, akanisogezea na maharagwe nimsaidie.

Kavira nilimwoa. Papa Kasereka alikubali kwa sharti moja, kwamba bwana harusi asihutubie. Kwa hiyo kanisani nilisema ndiyo, kwa sauti ndogo, na kuanzia hapo sikufungua mdomo tena. Hata waliponiuliza kama nyama ina chumvi ya kutosha, nilitikisa kichwa tu. Na nyota, jamani, ziacheni huko juu. Mtu akiniuliza yangu ni ipi, mimi naondoka.