Mitambo Alipozima Televisheni ya Mama

Mtaani kwao walimwita Mitambo, kwa kuwa alikuwa fundi wa kituo cha kurushia matangazo ya televisheni kwa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyepewa kazi ya kuzima mtambo wa analojia. Saa sita kamili mchana, mbele ya wakubwa waliovaa tai, alibonyeza kitufe, wakapiga makofi, wakala keki. Kitufe chenyewe, tuseme ukweli, hata mtoto angekibonyeza.

Kabla ya siku hiyo alikuwa amewahimiza watu wanunue ving'amuzi vya kupokea matangazo ya dijitali hadi koo likamkauka: jirani, kinyozi wake, mpaka mama mkwe, ambaye alimfungia cha kwake kwa mikono yake mwenyewe. Lakini mganga hajigangi. Mama aliyemzaa, aliyeishi peke yake upande wa pili wa mji, Mitambo alimsahau. Kila alipokumbuka alijiambia kesho, na kesho haina mwisho.

Simu alipiga, hilo tusimnyime. Kila Jumapili, huku akishughulika na jambo jingine, aliuliza, "Televisheni inakuchangamsha, mama?"

"Inaonyesha vizuri tu, mwanangu. Jana nimeangalia taarifa ya habari."

"Haya, vizuri," akajibu, akakata. Jumapili tatu mfululizo! Mtu aliyezima mtambo kwa kidole chake anaambiwa picha zinaonekana, wala hashtuki. Hapo ujue alikuwa akisikiliza kwa sikio gani.

Jumapili ya nne, mswaki ukiwa mdomoni, ndipo akili ikamrudia. Alikwenda mbio, king'amuzi kwapani. Alikuta televisheni imefunikwa shuka, na kiti cha mama kimegeuziwa dirishani. Mama aliinuka bila kumtazama usoni.

"Nimekukosea, mwanangu. Niliifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Hata sijamaliza, ikaanza chenga. Mchana tu, saa sita. Zawadi yako ya kwanza kwangu, nimeiua. Nikaona haya kukwambia, nikawa nakudanganya kwenye simu. Nisamehe."

Matangazo ya kuhamia dijitali mama aliyaona, ila alidhani yanawahusu wenye televisheni za kizamani. Yake alinunuliwa na mwanawe mwenyewe, itakuwaje ya kizamani?

Mitambo alifungua kinywa aseme kweli. Kilichotoka ni, "Nimekusamehe, mama."

Masikio yalimchoma kwa aibu. Mama alishusha pumzi ndefu, akaenda kuchemsha chai. Mitambo akapiga magoti nyuma ya televisheni kufunga king'amuzi, na akakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Picha ilipotokea, mama alicheka mpaka akajishika mbavu, na kicheko hicho ndicho kilichomshinda.

"Mama, hukuiharibu wewe. Mimi ndiye niliyezima. Zilizimika zote siku ile, na nilitakiwa kukuletea hiki kidude mapema. Nilikusahau."

Mama alimtazama, akamshika shavu. "Mtu mmoja azime televisheni za watu wote? Acha utani. Na wewe unisahau mimi, unayenipigia kila Jumapili? Unataka kunibebea kosa langu, nakujua. Ndivyo ulivyo tangu utotoni."

Akammiminia chai, akamsogezea kiti chake mwenyewe, kile kizuri. Mitambo angeweza kurudia, tena kwa maneno ya wazi zaidi. Alikaa, akanywa chai.