Chembe Nyeusi za Bombani

Fundi bomba wa Kibondo alizoea kusemezana na bomba kwa Kiha, lugha ya wenyeji, na Verediana, mwalimu aliyehamishiwa huko miaka ya sabini, hakuelewa hata neno. Alijua tu kwamba maji ya jikoni yalitoka na chembe nyeusi, na kwamba mwanawe mchanga alikuwa akiharisha. Fundi alizikinga chembe kiganjani, akazisugua kwa kidole gumba, akazinusa. "Si kutu, mwalimu. Kutu ingekwaruza. Hizi zinapaka weusi." Akapanda kuchungulia tangi, akashuka akikuna kichwa. "Tangi ni safi. Sasa zinatoka wapi?" Akazisugua tena, akamung'unya maneno yake.

Mwishowe akaifungua koki yenyewe. Kipira cha ndani kilikuwa kimeoza, kikamomonyoka vidoleni mwake kama masizi yaliyolowa. Akaweka kipya, na maji yakatoka meupe.

"Kwa hiyo ndicho kilichomuumiza mtoto?" Verediana aliuliza.

Fundi aliifunga koki. "Hilo silijui, mwalimu." Akafuta mikono kwenye suruali, akamnyooshea Verediana, aliyempakata mtoto. "Nipe nimbebe. Hospitali ni mwendo, na wewe umechoka."