Shamba Lisilojua Mbalamwezi

Asije mtu akaniambia sijui gemu. Nilipoacha shule, kabla hata ya kumaliza darasa la sita, kibanda cha gemu pale Rusimbi ndicho kilichonilea. Humo nilicheza gemu moja ya mtu anayemtafuta kaka yake ndani ya mji uliofurika maji. Lugha yao sikuijua, lakini yule mtu alipokuwa akinyamaza nilielewa kwa nini amenyamaza. Nilipomfikisha kwa kaka yake, picha ilisimama, maji yakasikika kidogo, basi, imekwisha. Nilitoka nikatembea mpaka Ujiji bila sababu, nikitazama nyumba za watu kana kwamba sijawahi kuziona. Kitu kinachokufanya hivyo, halafu kikakuacha uende zako, mimi nakiita sanaa.

Kwa hiyo hasira yangu si ya mtu asiyejua anachokichukia.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa nabeba magunia ya dagaa ufukweni Kibirizi. Chumba changu kilipakana na cha Mkongomani mmoja na mkewe. Walivuka ziwa kukimbia vita, wakaandikishwa kambini, kisha wakatoroka, mume akapata kazi kwenye boti la binamu yake, la kuvua dagaa usiku kwa taa. Kwao, upande wa Fizi, alikuwa mkulima. Kambini hakuruhusiwa kulima zaidi ya tuta la mchicha nyuma ya nyumba. Yeye nilimwita kaka, mkewe shemeji.

Simu ya kaka ilikuwa na gemu ya shamba. Unapanda, unasubiri saa kadhaa, unavuna, unapewa sarafu za uongo, unanunua mbegu nyingine. Ukichelewa, mazao yanakauka. Wabeba mizigo wenzangu walimtania kweli.

"Bwana shamba! Mahindi yameiva? Tuchomee basi!"

"Chekeni tu. Njaa ikiingia mutanitafuta."

Nilicheka nao mpaka siku aliponikabidhi simu. Akiwa ziwani mtandao haukamati, na mazao yake yangeiva kabla hajarudi. Akanifanya mlinzi wa shamba.

"Huku usiguse," alisema, akinionyesha mchikichi. "Ule ni muti wa mama. Na huu mutaro, maji yanatoka mulimani, yanapita kwa baba mudogo, ndiyo yanafika kwetu."

Ndipo nilipoona. Shamba zima alikuwa amelipanga kama la kwao: migomba bondeni, mihogo mgongoni mwa kilima, njia ya mtoni ikikunja kona penye jiwe. Hata lile jiwe alilinunua kwa sarafu za mavuno, kwa sababu lilikuwepo. Shemeji alikuwa akipita nyuma yake, anachungulia juu ya bega, anaendelea na kuanika dagaa.

Ile ilikuwa sanaa, na ilikuwa ya kwake. Walioitengeneza gemu hawakuijua Fizi wala ule mtaro. Wao walitengeneza saa, na adhabu ya kuchelewa.

Ziwa Tanganyika ni kali, linaua watu, lakini linajua kupumzisha. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa tena, basi maboti yanavutwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu, wanalala, wanacheza na watoto wao. Simu haina mbalamwezi. Siku hizo za mapumziko ndizo ilizomwita zaidi: kengele, zawadi, kengele tena. Aliingia nayo chooni. Alikula ugali kwa mkono mmoja.

"Utalala saa ngapi?" shemeji alimuuliza.

"Nikimaliza hii."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Jana yalikuwa maharage."

Halafu ikaja amri ya uhakiki. Kila mkimbizi arudi kambini aonekane kwa sura, la sivyo anafutwa na mgao wa chakula unakatwa. Wakaenda wote wawili, na simu nayo. Foleni haikusogea kwa siku kadhaa, na mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha. Waliporudi, kaka aliteremka kwenye lori, begi likiwa bado begani, akaiwasha simu hapo hapo barabarani. Nilisimama pembeni yake.

Shamba lote lilikuwa na rangi ya majivu. Mchikichi umelala chini. Katikati alisimama mwanambuzi mwenye macho makubwa, machozi yanamtiririka, na juu yake maneno ya Kifaransa.

"Anasema nini?"

Kaka alinitafsiria. "Anasema, 'Mulituacha.'"

Chini ya mbuzi palikuwa na kitufe: lipa pesa, pesa ya kweli, shamba lifufuke.

Nilipiga kelele mpaka mama muuza mihogo akageuka. "Futa! Futa hiyo takataka! Watu wamekaa ofisini kwao wametafuta neno litakalokuuma, wakalivika sura ya mbuzi!"

"Hawanijui, mudogo wangu."

"Ndiyo! Hawakujui, na wamekupiga palepale!"

Akainamia kioo. Kwa kidole alianza kung'oa mashina makavu, moja baada ya jingine.

"Moja nililikimbia," alisema. "Hili silikimbii."

Nilikwenda mbio kwa shemeji, nikijua kwamba huyu angalau tuko upande mmoja. Alikuwa ametangulia chumbani, anafungua mizigo yao. "Shemeji, mwambie aache. Wewe atakusikia."

Alipangusa mikono kwenye kitenge, akatoka, akampokonya mumewe simu pale mlangoni alipokuwa amefika. Nikangoja aitupe. Nilitaka aitupe, ningeiokota mwenyewe nikaitupa tena ziwani.

Alipitisha kidole kiooni, akitafuta.

"Muti wa mama uko wapi?"

"Umeanguka."

"Wewe ulikuwa umeuweka vibaya. Haukuwa karibu na njia hivi." Akaketi kizingitini, akamvuta mumewe aketi naye. "Sogea. Tuanzie huku, kwa mutaro."

Kengele ikalia. Wakainama wote wawili.