Kushoto kwa Mume Wangu

Miaka minne boti yetu nyembamba ilikaa imefungwa kamba mferejini Hayes, pembezoni mwa London. Kabla mume wangu hajaugua tulikuwa tukitembea nayo kila wikendi. Alipougua, nikawa nakwenda mara moja kwa mwezi kuipangusa vinyesi vya ndege na kurudi zangu. Binti yetu alisema, kwa Kiingereza chake, tuiuze. Mimi nilichokijua ni kwamba nyumba ilikuwa imenishinda. Nilihamisha viti, nilifua mapazia yaliyokwisha fuliwa, nilipanda basi mpaka mwisho wa njia na kurudi bila kununua hata ndimu.

Kilichonikimbiza ni kimya cha mume wangu. Tangu tuondoke Unguja, miaka ile ya baada ya Mapinduzi, sikupata kumwona mtu huyu kanyamaza. Alizungumza hata na wauza bima wa kwenye simu. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia. Maneno yalipotea kisha yakarudi, ila mawili yalirudi yamebadilishana: kulia akiita kushoto, na kushoto akiita kulia. Na mimi, nesi wa miaka thelathini, niliyewavumilia wagonjwa wa watu, kwa wangu nilikosa subira. Nilimsahihisha mezani, njiani, mbele ya wageni. Mwishowe akaona bora anyamaze, akitaka chumvi ananyoosha kidole. Nilitaka azungumze nami tena, wala sikujua nianzie wapi.

Basi Jumamosi moja ya Mei nikamvika koti, nikamwambia twende botini. Zamani yeye ndiye aliyeshika kana, ule mpini mrefu wa usukani, na kazi yangu ilikuwa chai na kulalamikia mwendo. Akinijibu haraka haina baraka, mpaka nikaichukia methali yenyewe. Sasa nikamkalisha kwenye kistuli pembeni yangu, blanketi magotini, kana nikaishika mimi.

Kana ina ukaidi wake: ukiisukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Nilikuwa nimemtazama miaka mingi, lakini macho yakijua si lazima mikono ijue. Tukaondoka. Mwendo ulikuwa ule ule wa kuudhi. Mama mwenye kigari cha mtoto alitupita ukingoni, kisha mbwa mzee naye akatupita. Miguu ikaniwasha, nikaongeza moto, na maji yakaanza kupiga kingo.

Mara mbele ikatokea boti pana, inakuja katikati. Nikachanganyikiwa kabisa. Mume wangu akasema, "Kushoto."

Nilijua anataka twende kulia, maana huko ndiko boti hupishana. Ulimi ulishapanda kumsahihisha, ila mikono iliutangulia, nikasukuma kana kushoto kama nilivyoambiwa. Boti ikaenda kulia. Tukapishana salama, na yule mwenye boti pana akatupungia.

Neno lake lilikuwa la kinyume, na kana nayo ni ya kinyume, basi vikakutana vikatunyooshea njia. Nikauma ulimi, na Mungu anajua kazi niliyoifanya. Tulipofika pale mfereji wa kwendea Paddington unapochepuka kushoto, kona mbaya chini ya daraja, akasema kulia, kulia, bado, kulia. Nikasukuma kulia, boti ikapinda kushoto, ikapita bila kugusa hata tofali moja.

Baada ya hapo hakunyamaza. Injini inataka mafuta. Boti za watu siku hizi zinapakwa rangi mbovu. Chai yangu imezidi tangawizi. Mimi bado nawashwa, maneno yamenijaa kifuani, nahisi nikifungua mdomo nitaharibu, na nikifumba nitapasuka. Nilifurahi mno, na furaha yenyewe haikunipa raha.

Adhuhuri tulifunga kamba kando ya mfereji tule sambusa. Hapo nikashindwa kujizuia. "Leo hujakosea hata mara moja," nilimwambia, nikijiona mkarimu.

Alitafuna taratibu, sambusa iko kwenye mkono wa kushoto, ndio uliobaki.

"Nimekosea kila mara," alisema. "Leo hukunisahihisha."