Mume Wangu Alinifuata Darasani na Spana

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka ishirini na sita, ni mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, nasoma chuo mwaka wa pili hapa Karatu. Mume wangu ni fundi wa magari ya utalii.

Mwaka wa kwanza nilikaa nyuma karibu na mlango, nasikiliza, narudi nyumbani. Hakuna aliyejua jina langu. Mwaka huu akaja madam mmoja, akatupangia viti kwa duara, akatugawa vikundi, akasema kwake kila mtu ataongea. Kundi letu ni mimi, dada mmoja wa Endamarariek na kijana wa Kimaasai kutoka Ngorongoro, nimwite Lemayan. Mwanangu akiugua, walinisomea notisi kwa simu. Nikajiona nami ni mwanachuo.

Simu hizo ndizo zilizoniponza. Mume wangu alisikia sauti ya kiume. Nilimweleza ni masomo, akanichapa mkanda hadi mgongo ukachanika. Nikavaa sweta juu ya vidonda, nikaenda chuo.

Wiki iliyopita nilikuwa mbele nawasilisha kazi ya kikundi. Mume wangu akaingia na spana. Alinikamata nywele, akanigonga uso ubaoni, nikalisikia jino likivunjika. Lemayan akaingia katikati, akamwambia taratibu, "Kaka, mwache dada, tukaongee nje." Spana ikampata jichoni. Akaanguka, na mume wangu akaendelea kumpiga pale chini, damu imetapakaa hadi kwenye viti, mpaka darasa zima likamrukia na kumkalia hadi polisi walipofika.

Jicho limetolewa. Mume wangu yuko mahabusu. Wanafunzi wenzangu wanampelekea Lemayan chakula hospitali kwa zamu, na mimi na mwanangu wametupatia kitanda hosteli.

Jana mama mkwe alinifuata. Hakunigombeza. Alipiga magoti akasema, "Mwanangu, sema yule kijana ndiye aliyeanza. Ukimfunga mumeo, huyu mtoto utamlea na nani?" Baba yangu mzazi yuko upande wake. Anasema chuo kina mwisho, ndoa haina.

Kesho polisi wanachukua maelezo yangu. Lemayan hajaniomba kitu. Nilipoenda kumwona aliuliza tu kama madam ameniruhusu kumalizia kuwasilisha.

Mume wangu bado nampenda, siwadanganyi. Ninyi mnaonisoma, hasa mlio kwenye ndoa, nisaidieni: kesho nikaseme nini?