Posa Yangu na Friji ya Baba

Wiki chache kabla ya uhuru, baba yangu alinunua friji ya mafuta ya taa kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago. Friji yenyewe ilikuwa imechoka hadi mlango unafungwa kwa kamba. Lakini ungemwona Baba! Fundi cherehani wa kawaida tu wa hapa Mwanza, tangu siku ile akawa anatembea mikono nyuma kama bwana shauri wa mkoloni. Friji ikawekwa sebuleni, siyo jikoni, na mama yangu, ambaye naye hakuwa na haya, akaitandikia kitambaa cha kufuma juu.

Kila kitu kikaingia humo. Maji, sawa. Samaki, sawa. Ila Baba hakujua pa kuishia.

Wakati huo nilikuwa na kijana wa Nansio, kisiwani ng'ambo ya ziwa, karani wa bandarini hapa Mwanza, na sioni aibu kusema kwamba nilimpenda hasa. Wazee wake wakatuma ujumbe kuwa baba yake mdogo na shangazi yake watavuka kuja kuniposa. Mama akanunua mkungu wa ndizi mbichi na maembe yaliyokomaa lakini bado magumu. Akaanza kuchimba shimo uani ayavundike, kama tulivyofanya siku zote: majani makavu chini, moshi kidogo, udongo juu, joto lifanye kazi yake.

"Wageni wangu wale matunda yaliyozikwa kama mzoga?" Baba akafoka. "Mna friji ndani, mnachimba mashimo! Ushamba huo umekwisha."

"Lakini Baba, yataivaje kwenye baridi?" nikamuuliza.

"Wewe unajua nini? Wazungu wanaweka kila kitu humo."

Mama akatupa jembe, akayabeba matunda ndani. Naye alitaka shangazi wa watu auone ule mlango ukifunguliwa.

Basi matunda yakalala kwenye baridi mpaka wageni walipofika. Baba akawaketisha mbele ya friji, akafungua kwa mkono wake, meno yote nje. Loo! Ndizi nyeusi tii kwa nje, ndani ngumu, hazijaiva wala haziwezi kuiva tena. Maembe yamebonyea, yana mabaka, hayana harufu, ukitafuna ni kama unatafuna mshumaa. Mtu mwenye akili angefunga mlango akaomba radhi. Huyu akayapanga kwenye sinia. "Karibuni, vitu vya baridi hivyo!"

Shangazi akaonja, akaweka chini taratibu, akamtazama nduguye. Mimi nilikuwa nachungulia nyuma ya pazia, nikajua nimekwisha. Kwetu mposaji haambiwi hapana usoni. Unamwandalia kibovu, anaelewa kwamba binti hatolewi, anaondoka na heshima yake. Wakashukuru, wakamwombea Baba baraka, wakaenda zao bila kutaja lililowaleta.

"Mbona hawakusema kitu?" Baba akauliza. Ati anashangaa!

Nilimweleza yule kijana mwenyewe kwamba hatukumkataa, ni baridi iliyoharibu matunda. Akaniamini. Wazee wake wakasema sawa, ila watalisikia kutoka kinywani mwa baba yangu. Nikarudi nyumbani mbio, nikamwangukia Baba miguuni avuke kwenda Nansio akaseme neno hilo moja.

"Nikaseme friji yangu imeharibu matunda? Mbele ya watu wa kisiwani? Thubutu! Na ziwa hili lilivyochafuka, unataka nife maji?"

Mama akaniambia ninyamaze, nimsitiri baba yangu. Nikanyamaza, na mapenzi niliyokuwa nayo kwa wazazi wale yakaishia hapo.

Mwaka uliofuata kijana akaozwa binti wa kwao. Baba alialikwa, akavuka kwenda kula pilau. Akarudi amefurahi, akanisimulia jinsi bibi harusi alivyopendeza.